Mkakati wa Ubunifu wa Mkoa Uanzie Mashineni

Kwa maofisa biashara na wachumi wanaoandaa mikakati ya ubunifu ya mikoa, ushauri wangu ni kwamba wenye viwanda vidogo waitwe kabla rasimu haijaandikwa, na waulizwe habari za mashine zao kabla ya kuulizwa habari za dira. Nayasema haya kutokana na kazi niliyoifanya na wakamuaji wa alizeti mkoani Singida, ambako madumu ya mafuta hupangwa kandokando ya barabara kuu yakisubiri wasafiri.

Jambo la kuangaliwa mapema ni mwaliko. Sera ya mwaka 2003 ya viwanda vidogo na biashara ndogo inaihesabu biashara yenye wafanyakazi 5 hadi 49 kuwa ndogo, na yenye 50 hadi 99 kuwa ya kati, kwa hiyo mwenye mashine moja na vijana watatu hajafika hata kwenye ngazi ya "ndogo". Barua ya "wadau wa sekta binafsi" humfikia mwenye kiwanda kikubwa na viongozi wa vyama, na mkamuaji wa kawaida huja kupata habari kikao kikiwa kimekwisha. Orodha ianzie SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu hawa hawa, kisha iongezwe majina na mafundi wa kuchomelea, maana wao ndio wanaojua ni mashine ya nani inayosumbua kila mara.

Kikao kilichotufaa kuliko vyote hakikufanyika ukumbini. Tulikuwa bandani, mashine ikinguruma, mkamuaji mmoja akachota konzi ya mashudu, yaani mabaki ya mbegu zilizokamuliwa, yaliyokuwa bado ya moto, akayaminya, akatuonyesha kiganja kilivyong'aa kwa mafuta. Mafuta yale alikuwa akiyauza kwa bei ya chakula cha mifugo. Mjadala ukawaka papo hapo: huyu anasema skrubu inayokandamiza mbegu ndani ya mashine imelika, yule anasema mbegu zimeletwa na unyevu, mwingine analaumu Record, aina ya zamani ya mbegu yenye ganda nene na mafuta machache kuliko chotara kama Hysun 33. Kila jibu lina mwenyewe, kuanzia fundi wa chuma hadi mkulima na mtafiti wa mbegu, na hapo ndipo chuo kikuu hupata swali la kufanyia kazi. Rasimu nyingi nilizozisoma hurukia mifumo ya kidijitali na kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta. Sina ugomvi na kiwanda hicho, ila kitalishwa na mashine hizi hizi zinazoacha mafuta kwenye mashudu.

Tarehe nayo ina uzito wake. Alizeti ikishaanza kuvunwa, kuanzia Mei hivi, mkamuaji haachi mashine kwa siku nzima ili asikilize hotuba, wala posho haimfidii mteja aliyehamia kwa jirani.

Kuhusu takwimu, zichukuliwe faragha, na mtu asiyekusanya ushuru, kisha zitolewe kwa jumla. Anayeulizwa idadi ya magunia mbele ya ofisa na mshindani wake atataja idadi inayompendeza mmoja wao (kwa kawaida ofisa, na kwa kawaida ni ndogo).

Mwisho ni fedha. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hukopeshwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, hivyo mwanamume aliyevuka umri wa ujana na anayemiliki mashine peke yake hayumo. Mkakati uwe na fungu lake, hata dogo, la kugharimia jambo moja litakaloonekana kabla ya msimu unaofuata: kukarabati skrubu za mashine chache kwa chuma kigumu zaidi, kisha kupima mashudu yake na kuyalinganisha na ya mashine ambazo hazikuguswa. Wakamuaji wenyewe ndio wachague mashine za majaribio, na matokeo yasomwe bandani kabla hayajapelekwa mkoani.