Mkondo wa uhamisho kwa kapasita ya feni

Pole na kazi, mwalimu wa Urambo. Nimekuelewa: vijana wanagoma kuamini kwamba mkondo "unapita" kwenye kapasita ilhali katikati hakuna waya, na maabara haina vifaa. Vipo kwa mafundi feni Tabora mjini.

Unga kwa mfululizo kapasita ya feni ya mikrofaradi 2.5, rezista ya omu 470 na LED (vitaa vidogo) mbili zilizoungwa sambamba, miguu ikigeuziana. Lisha kwa transfoma ya volti 12, ambayo umeme wake hubadilika mwelekeo kila mara: zinawaka. Weka betri ya volti 12, ambayo umeme wake haubadiliki: mmweko wa kufumba na kufumbua, kisha giza. Hapo nyamaza, waache wabishane kabla hujaeleza kuwa ni uga wa umeme kati ya bamba unaobadilika, na mabadiliko hayo mwanafizikia Maxwell aliyahesabu kuwa mkondo, ndio mkondo wa uhamisho.

Kwa mawimbi ya sumakuumeme, washa redio ya AM pasipo na stesheni, bonyeza karibu yake kiberiti cha gesi kisicho cha jiwe. Itakwaruza; Hertz, aliyethibitisha mawimbi hayo, naye alianza na cheche, 1887. Ifunike redio kwenye sufuria, mkwaruzo unafifia.

Kapasita zenye alama ya hasi usizitumie hapa, zinaweza kupasuka. Umeme wa ukutani usiishie popote ila kwenye transfoma, na waya wake ukichubuka mwite fundi umeme.