Maswali na Majibu: Kompyuta Moja, Watumiaji Wengi

Sisi ni makarani watatu wa SACCO mjini Masindi na tunatumia kompyuta moja yenye Windows. Kila zamu inapobadilika, anayeondoka hufunga programu zote na kutoka kwenye akaunti yake, kisha anayeingia husubiri muda mrefu huku wanachama wakiwa kwenye foleni. Je, hakuna njia ya haraka zaidi?

Ipo, na imo ndani ya Windows tangu toleo la XP la mwaka 2001, kwa hiyo msikubali kuuziwa programu yoyote ya kazi hiyo. Mnachofanya sasa ni kutoka kabisa, jambo linaloilazimu kompyuta kufunga kila kitu cha mmoja na kuanza upya kwa mwingine. Mnachohitaji ni kubadili mtumiaji tu, ili kazi ya wa kwanza ibaki ilivyo, ikilindwa na neno lake la siri, wakati wa pili anaendelea na yake. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi L, skrini ijifunge, kisha mwenzako achague jina lake katika orodha iliyo chini upande wa kushoto. Anayependa kipanya afungue menyu ya Start na kubofya picha ya akaunti yake. Katika baadhi ya kompyuta zenye Windows 11, majina ya wengine yamewekwa nyuma ya vitone vitatu. Baada ya kompyuta kuwashwa, kila mmoja atasubiri mara ya kwanza anapoingia, lakini kuanzia hapo kubadilishana ni kazi ya sekunde chache.

Hifadhini kazi kabla ya kumpisha mwenzenu. Umeme ukikatika na hamna UPS, yaani betri ya akiba ya kompyuta, kila kilichoachwa wazi bila kuhifadhiwa kinapotea, na si kwenye akaunti ya aliyeketi tu bali kwenye akaunti zote. Vilevile, anayezima kompyuta jioni huonywa kwamba kuna mtu mwingine ambaye bado anaitumia. Onyo hilo lisomwe, lisibofywe tu ili lipite.

Kwa nini tusitumie akaunti moja yenye neno la siri moja, tukaepuka usumbufu wote huo?

Swali hili hunifikia kila mara, na kila mara hutoka katika ofisi inayotunza mambo ya watu wengine. Mkishiriki akaunti moja, barua pepe aliyoiacha wazi karani wa asubuhi husomwa na wa jioni, maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari huwa ya wote, na siku rekodi ya mkopo itakapobadilishwa hakuna atakayeweza kuonyesha ni nani aliyeibadilisha. Atakayeumia ni yule asiye na hatia, kwa kuwa hana namna ya kujitetea. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza taarifa binafsi za watu azilinde, na neno la siri lililobandikwa pembeni mwa skrini halimlindi mtu yeyote. Msimamizi aunde akaunti ya kila mmoja, ziwe za kawaida zisizo na mamlaka ya kusakinisha programu, na yeye mwenyewe abaki na ile ya usimamizi kwa ajili ya matengenezo pekee.

Walimu sita wa shule yetu, hapa Arua, tunabadilishana akaunti kama ulivyoshauri, lakini kufikia saa sita mchana kompyuta huwa nzito mno.

Akaunti iliyoachwa wazi haijalala: programu zake zinaendelea kutumia kumbukumbu ya kompyuta (RAM), yaani nafasi ya kazi ya programu zilizo wazi. Mashine yenye kumbukumbu ya GB 4 inaweza kuwamudu watu wawili wenye kazi nyepesi, lakini si sita wenye vivinjari vilivyojaa kurasa. Wekeni utaratibu kwamba atakayerudi baada ya kipindi kimoja abadili mtumiaji, na aliyemaliza kazi ya siku atoke kabisa. Msimamizi akibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja na kufungua sehemu ya watumiaji, ataona kila mmoja anatumia kumbukumbu kiasi gani, na anaweza kumtoa aliyekwisha kwenda nyumbani, mradi awe na hakika kwamba kazi yake imehifadhiwa. Shule ikipata fedha, ianze na diski ya SSD, ambayo ni ya kasi zaidi, na kumbukumbu ya GB 8 kabla ya kufikiria kompyuta mpya.

Kompyuta yangu inachelewa. Nifanyeje?

Nimeomba mara nyingi kwamba anayeandika ataje toleo la Windows, ukubwa wa kumbukumbu na aina ya diski. Bila hayo sina la kujibu.

Katika ofisi yetu ya uchapaji, Nasser Road, Kampala, tunatumia Mac. Je, inawezekana kubadili mtumiaji bila kutoka?

Ndiyo, tangu mwaka 2003. Washa huduma hiyo kwenye mipangilio ya mfumo, na utabadilisha akaunti kutoka upau wa juu wa skrini.

Je, naweza kuondoa neno la siri kabisa ili niingie haraka?

Hapana, si kwenye kompyuta inayotumiwa na wengine. Weka PIN, ambayo huandikwa upesi na hufanya kazi kwenye kompyuta hiyo tu, au tumia alama ya kidole ikiwa mashine ina kisomaji chake. Ila PIN hiyo isiwe ile ile unayotumia kwenye MTN MoMo au Airtel Money, kwa sababu wenzako wa ofisini watakuona ukiiandika mara kadhaa kila siku.