Gari la zimamoto la babu: nipime vipi kwa picha moja tu?

SWALI: Jambo Mukubwa. Nyumbani kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, tuko na picha moja ya zamani ya babu mzaa mama, amesimama kando ya gari la zimamoto la kiwanda alikofanya kazi. Picha haina rangi. Mlangoni panasomeka ELISABETHVILLE, juu kuna ngazi ya mbao na kengele, boneti ni ndefu, lakini jina la kampuni iliyounda gari halisomeki. Nataka kuunda maketi yake, yaani mfano mdogo wa gari hilo, mama akifikisha miaka 80 nimpe. Nimetafuta michoro nikachoka. Vipimo nitavipata wapi? Rafiki yangu anasema ninunue gari la kuchezea la chuma nilibadilishe. Na wekundu ule ni upi? Mimi ni fundi wa umeme, mkono ninao, ila maketi sijawahi kuunda.

JIBU: Mdogo wangu, picha hiyo inakutosha, na michoro achana nayo. Magari ya zimamoto ya wakati ule mara nyingi yalitoka kiwandani yakiwa chasisi, injini na boneti tu. Karakana nyingine ndiyo iliyojenga makabati, viti na mahali pa ngazi, kama mteja alivyoagiza. Hata ukipata mchoro wa chasisi, hautakuambia kabati alilolifungua babu yako kila asubuhi lilikuwa na kimo gani. Picha inakuambia.

Wengi huanza kwa kumpima babu: alikuwa na mita 1.70, basi gari ni mara ngapi ya babu? Usifanye hivyo. Babu amevaa kofia ya chuma na buti, na tena amesimama mbele ya gari, karibu zaidi na kamera, kwa hiyo anaonekana mkubwa kuliko gari lilivyo. Ukimtumia yeye kama rula, gari lako litatoka dogo.

Rula yako ni tairi. Malori mengi ya miaka ya 1940 na 1950 yalivaa tairi za rimu ya inchi 20, na saizi zake zilikuwa chache. Tairi ya 7.50-20 ina kimo cha kama milimita 930, na ya 9.00-20 inafika kama 1,020. Hapa Lubumbashi malori yenye 9.00-20 bado yapo. Nenda gereji yoyote ya malori ukiwa na mita, upime kimo cha tairi nzima na upana wa mpira unaoonekana kuanzia ukingo wa rimu hadi nje, kisha ulinganishe uwiano huo na wa kwenye picha. Mafundi watakucheka kidogo, lakini utarudi nyumbani unajua gari la babu lilivaa saizi gani.

Sasa peleka picha kwenye nyumba ya kufotokopi, waikuze mpaka gurudumu lifike milimita 60 hivi. Usipime kutoka ardhini hadi juu, kwa sababu uzito wa gari umeikandamiza tairi chini. Pima kutoka katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwenda juu, uzidishe mara mbili. Tuseme gurudumu la mbele limekupa 62 na la nyuma 58. Ni kawaida, la nyuma liko mbali zaidi na kamera. Wastani ni 60, na kama tairi ni ya 1,020, kila milimita moja ya karatasi ni milimita 17 za gari halisi.

Vimo unavisoma moja kwa moja, ila kila kitu kisomwe kwa gurudumu lililo jirani nacho. Mlango uko karibu na gurudumu la mbele, basi tumia 62, yaani milimita 16.45 kwa kila moja ya karatasi. Mlango wenye 73 kwenye karatasi ni kama 1,200 kwenye gari, na kwenye maketi ya 1/24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari halisi, unakuwa 50.

Urefu wa gari una ujanja wake, maana gari limepigwa picha kwa pembe na urefu umejibana. Gurudumu ni duara kamili, lakini kwenye picha limekuwa duaradufu, na kadiri lilivyobanwa ndivyo urefu wa gari zima ulivyobanwa. Pima duaradufu ya ukingo wa rimu, usipime ya tairi, kwa sababu unene wa tairi utakuongezea upana usiokuwepo. Rimu ikiwa na kimo cha 34 na upana wa 29, gawa 29 kwa 34 upate 0.85. Tuseme kati ya habu ya mbele na ya nyuma kuna 190 kwenye karatasi: 190 gawa kwa 0.85 ni 223.5, zidisha kwa 17 upate 3,800. Huo ndio umbali kati ya ekseli mbili, na kwenye maketi ya 1/24 ni 158. Chora mstari huo kabla ya kitu kingine chochote. Boneti, mlango na makabati yatajipanga juu yake.

Ngazi ndiyo shahidi wa kukuhakikishia. Vipago vya ngazi ya zimamoto huachana kama sentimita 28 hadi 30, kwani mguu wa mtu haujabadilika. Hesabu yako ikikupa vipago vya sentimita 22 au 38, umekosea saizi ya tairi au umesahau kugawa. Mimi hujaribu ngazi kila mara kabla sijagusa mkasi.

Kuhusu ushauri wa rafiki yako, sikubaliani naye. Magari mengi ya kuchezea ya chuma yanayovuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ni ya 1/43 au hayana skeli yoyote, na usukani wa mengi uko kulia. Kwanza angalia usukani wa babu uko upande gani, ndipo uone utafumua nini. Gari la mita 7 kwa 1/43 ni milimita 163, na herufi za mlangoni zinakuwa kama mayai ya chawa. Kwa 1/24 unapata 292. Hilo mama wa miaka 80 ataliona bila miwani. Usiazime pia pua ya gari lingine kwa sababu inapendeza. Yale magari ya Kimarekani ya Ahrens-Fox, kutoka Cincinnati, yalikuwa na tufe linalong'aa juu ya pampu, mbele ya rejeta. Halikuwa pambo: hewa iliyomo ndani ilimeza mapigo ya pistoni ili maji yasitoke kwa kudunda. Gari lisilo na pampu ya pistoni mbele halina kazi na tufe hilo, na mzee yeyote aliyefanya kazi na pampu ataona umebandika tu.

Tuje kwenye vifaa, na hapa neno ni moja: unene. Maketi inayofanana na kasha la biskuti haikukosea umbo, imekosea unene wa kingo. Kadi ya benki iliyokwisha muda ni plastiki nzuri sana na haikugharimu kitu, lakini ina milimita 0.76, na ukiizidisha kwa 24 umetengeneza bati la milimita 18, wakati bati la mwili wa lori halifiki hata 2. Itumie ndani, kwa mifupa ya gari, mahali ambapo ukingo wake hauonekani. Kopo la soda lina kama 0.1, sawa na milimita 2.4 za gari halisi. Hilo ndilo la milango ya makabati na kingo zote za nje.

Madigadi na boneti yana mikunjo ya pande mbili kwa pamoja, kopo la soda litakunja sura na kuchanika. Wewe ni fundi wa umeme na uko Lubumbashi, usiniulize utumie nini. Chukua shaba ya 0.2 au 0.3. Chonga kwanza umbo la digadi kwa mti mgumu, mulombwa unafaa kabisa. Choma shaba mpaka iive wekundu hafifu, itumbukize majini, ifute. Chuma ukikifanya hivyo kinaweza kuwa kigumu, lakini shaba inalegea kama ngozi. Ilaze juu ya umbo, uigonge taratibu kwa nyundo ya mbao ukitoka katikati kwenda ukingoni. Baada ya muda utasikia mlio umebadilika, umekuwa mkali: shaba imeanza kukaza tena. Acha, ichome upya, endelea. Anayelazimisha hapo hupata ufa kwenye kona, na digadi yenye ufa haitibiki. Digadi moja inaweza kutaka moto mara tatu au nne. Wafua shaba wa mjini, wanaofua picha za tembo na vijiji kwenye mabamba ya ukutani, wanaujua mlio huo kuliko mimi. Kaa nao asubuhi moja.

Kulehemu sitakufundisha. Nikukumbushe tu kwamba dawa yenye asidi ioshwe kwa maji ya moto na sabuni siku hiyohiyo, la sivyo baada ya miezi kadhaa kijani kitatokea chini ya rangi.

Magurudumu unatengeneza mawili tu. Mbele habu inatokeza nje, nyuma imezama ndani kwa sababu tairi ni mbilimbili. Mpe fundi wa kukereza mbao akukerezee moja la mbele na moja la nyuma, kimo 42.5, kisha utoe nakala. Ukungu wa kumiminia unatengenezwa kwa silikoni ya kuzibia madirisha ikikandwa na wanga wa mahindi, ule mweupe laini wa kukolezea mchuzi. Si unga wa bukari, yaani wa ugali! Kijana wangu mmoja wa karakana alitumia unga wa bukari, tukapata magurudumu yenye ndui. Ndani yake mimina rezini ya kurekebishia mabodi ya fiberi, na uifanyie kazi nje, harufu yake si ya chumbani.

Mipira ya maji ni kamba bapa za viatu. Mpira wa milimita 70 ukilazwa bapa una upana wa 110, kwa maketi yako ni 4.6. Wa 45 unakuwa 2.9. Chovya kamba kwenye chai hafifu, maana pamba iliyofanya kazi haibaki nyeupe. Mpira wa kunyonyea, ule mnene unaofungwa ubavuni, usiufanye kwa kamba, kwani huo haulali bapa. Zungushia waya mwembamba wa mota juu ya kipande cha kebo, upake nyeusi isiyong'aa.

Sasa rangi. Picha isiyo na rangi hudanganya kuhusu nyekundu. Filamu za zamani za aina ya ortokromatiki hazikuona nyekundu kabisa, zikaitoa kama nyeusi. Madigadi yanayoonekana meusi yanaweza kuwa mekundu sawa na mlango. Linganisha na tairi kwenye picha hiyohiyo: kama digadi na mlango vina giza lilelile, huenda vilipakwa rangi moja. Kwa wekundu wenyewe, mwambie mchanganyaji rangi za magari akupe RAL 3000, namba ya nyekundu kwenye orodha ya rangi ya RAL, halafu umwombe atie tone la chungwa. Kitu kidogo kikipakwa rangi kamili ya kitu kikubwa huonekana kimeiva kupita kiasi. Asitie nyeupe, utapata waridi. Chini ya nyekundu weka rangi ya msingi nyeupe au waridi. Nyekundu juu ya kijivu hufa.

Rangi ya nitro ya magari usiipulize moja kwa moja juu ya plastiki, itaila. Juu ya shaba iliyopigwa msasa na kupakwa msingi haina neno. Na usiipulize mvua ikinyesha. Mwaka mmoja, mwezi wa kwanza, nilikuwa na haraka ya kumkabidhi mteja, nikapuliza jioni baada ya mvua. Nilipoamka boneti ilikuwa na ukungu mweupe kama kioo cha bafu: unyevu wa hewa ulikuwa umenaswa ndani ya rangi. Nilikwangua yote. Kiangazi nacho kina vumbi letu jekundu, ambalo kwenye rangi nyekundu halionekani mpaka uguse. Mimi hupulizia ndani ya kasha la katoni, sakafu yake nimeilowesha, saa nne asubuhi kabla upepo haujaamka.

Herufi za mlangoni ziache kama zilivyo, ELISABETHVILLE. Jina la mji lilibadilishwa kuwa Lubumbashi mwaka 1966, na gari liliandikwa kabla ya hapo. Atakayekuambia uandike Lubumbashi anakutakia mema, lakini babu hakuendesha gari hilo. Na kwenye rejeta, palipo na nembo isiyosomeka, weka kisahani kitupu cha umbo lile lile. Kabla hujakata shaba, nitumie nakala iliyokuzwa pamoja na hesabu zako za ngazi nizitazame.