Jina lilibadilika, posho ikabaki

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: jeshi likitangaza kwamba mapigano yamekwisha, lakini askari wake wakabaki katika nchi ya watu, je, vita vimekwisha? Mimi hotuba siziangalii sana. Naangalia hati ya mshahara.

Chukueni Iraq. Alfajiri ya Agosti 19, 2010, magari ya deraya ya brigedi ya mwisho ya mapigano ya Marekani yalivuka mpaka kuingia Kuwait, waandishi wa televisheni wakiwa humo humo. Agosti 31 Rais Obama akatangaza kwamba operesheni ya mapigano imekwisha, na kesho yake ikapewa jina jipya, Mapambazuko Mapya. Waliobaki? Karibu 50,000. Ziko nchi ambazo jeshi lao zima halifiki hapo. Brigedi sasa ziliitwa za ushauri na msaada, ila silaha zilikuwa zilezile, na askari aliendelea kupokea dola 225 kwa mwezi, posho ya kuwa mahali anapoweza kushambuliwa wakati wowote. Mhasibu wa jeshi hakulaghaiwa na jina.

Na hakukosea. Mapambazuko hayakufikisha hata wiki: Septemba 5 washambuliaji walivamia makao ya jeshi la Iraq jijini Baghdad, na washauri hao wakajikuta wanafyatua risasi kuwasaidia wenyeji. Siku mbili baadaye, Wamarekani wawili waliuawa ndani ya kambi ya jeshi la Iraq, na aliyewapiga risasi alikuwa mwanajeshi wa Iraq, yaani mmoja wa wale ambao Wamarekani walikwenda kuwashauri. Juni 6, 2011, roketi ziliangukia kambi ya Wamarekani Baghdad, watano wakafa siku hiyo. Jaribuni kumweleza mama wa mmoja wao kwamba mwanawe hakufia vitani.

Tuwe waungwana, lakini. Mkataba wa 2008 kati ya nchi hizo mbili ulitaja siku: wote wawe wameondoka ifikapo Desemba 31, 2011. Yalifanyika mazungumzo ya kuwabakiza wachache, yakakwama kwenye kinga ya kutoshtakiwa katika mahakama za Iraq, na msafara wa mwisho ukatoka Desemba 18. Kwa hiyo jibu langu linaegemea hapo: kwangu tarehe iliyotiwa saini na pande mbili ina uzito kuliko tangazo la upande mmoja, hata likisomwa Ikulu.

Mwaka 2014 wakarudi, safari hii kupambana na kundi la wapiganaji la Dola ya Kiislamu. Desemba 2021 ikatangazwa, kwa mara nyingine, kwamba jukumu la mapigano limekwisha. Wakabaki 2,500, washauri tena. Januari 3, 2022, droni mbili zenye milipuko zilitunguliwa zikikaribia kambi yao kwenye uwanja wa ndege wa Baghdad.