Wadogo zangu mnaovuta gradienti kwa haraka

Jana dogo wetu wa mafunzo kwa vitendo kanifungulia faili la bango: gradienti, yaani rangi moja inayogeuka taratibu kuwa nyingine, ya zambarau kwenda kijani, eti rangi za zabibu za Dodoma. Katikati pamekuwa kama maji ya kudekia. Huyu ni wa tatu mwezi huu, basi ngoja niandike.

1. Zambarau ya 128, 0, 128 (vipimo vya nyekundu, kijani na bluu) na kijani ya 0, 128, 0 zikikutana nusu kwa nusu zinazaa 64, 64, 64. Hicho ni kijivu, msiisingizie programu. Ongeza kituo cha tatu cha rangi pale kati, wekundu wa zabibu inayoanza kuiva.

2. Ile gradienti ya rangi ya mbele kwenda ya nyuma inageuka kila ukibadilisha rangi. Tengeneza yako, ihifadhi kwa jina linaloeleweka. "Mpya 1" si jina.

3. Hapa ndipo panaponiuma. Mwaka wangu wa kwanza hapa Majengo nilipewa bango la sendofu, mita 6 kwa 3. Mama wa binti alitaka bluu ya usiku. Nikavuta bluu iliyokolea kwenda bluu iliyokolea kidogo, nikiitazama kwenye skrini kwa asilimia 12 ya ukubwa wake, laini kabisa. Kidude cha dither, kinachochanganya nukta za rangi ili mistari isionekane, nilikizima mwenyewe, kisa nilisikia kinachafua picha! Tumefika ukumbini, tumekaza kamba, tumekunjua: mistari ya kusimama, ukuta mzima. Hesabu niliipigia juu ya ngazi, jasho linanitoka. Bluu ilianza 40 ikaishia 80, rangi nyingine hazikusogea. Hatua 40 ndani ya sentimita 600. Kila mstari sentimita 15, ungeupima kwa rula. Mama akatazama, akasema taratibu, "Mwanangu, mimi niliomba usiku, wewe umenisukia mkeka." Bora angefoka. Flexi (turubai la bango) ya pili nililipa mimi, na mwezi ule ugali kwa mlenda ulikuwa mchana na jioni.

Dawa yake: anza na biti 16 (ngazi nyingi zaidi za rangi) tangu faili tupu, kubadilisha mwishoni hakusaidii. Washa dither, nyunyiza noizi (chembechembe ndogo) asilimia 1 au 2.

4. Chapeni kipande kwa ukubwa halisi kwanza. Na geuzeni CMYK (rangi za wino wa kuchapia) mapema, kabla mteja hajaipenda bluu ambayo wino hauna.

Dogo amesharekebisha, zabibu zimeiva kweli. Nimeenda kuitafuta kwenye orodha: "Mpya 1".