Kabati limejaa, cha kuvaa sina

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimeajiriwa ofisini hapa Dar es Salaam, na kabati langu limejaa sare za harusi ambazo haziendani na nguo nyingine. Nina fedha kidogo; nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza na suruali nyeusi, sketi ya bluu iliyokoza na blauzi 3 za rangi moja moja, kwa kuwa hizo tu, zikipatana rangi, zinakupa mivao 6 tofauti. Chagua pamba, maana joto la Dar halivumiliani na poliesta.

Mitumba ya Karume, pale Ilala, inakufaa sana ukiwahi asubuhi robota linapofunguliwa, lakini usinunue kwa macho peke yake: igeuze nguo ndani nje, iinue kwenye mwanga uone kama imechakaa, kagua kwapa na kola, kisha ivute zipu mara 2 au 3. Doa la jasho lililogeuka manjano ni gumu kutoka, hata muuzaji akikuapia.

Sare zako usizigawe bado. Mpelekee fundi cherehani gauni moja la kitenge, alikate kiunoni, atie mpira au zipu, nawe utapata sketi ya kuvaa na mojawapo ya zile blauzi 3. Mimi napenda sketi hizo kuliko za dukani, kwani kitambaa unakifahamu na umbo ni lako. Viatu vyeusi vya kufunika, jozi moja, vinatosha kwa sasa.