Mchaichai na kivumbasi kufukuza mbu: mimi nilipanda, wakaongezeka

Dada uliyeuliza kama ukizungushia nyumba mchaichai na kivumbasi mbu watamwacha mtoto wako wa miezi minne: nilifanya hivyo hapa Goma, na mbu wakazidi.

Parseli yetu iko juu ya lava iliyomwagwa na volkano ya Nyiragongo 2002, ikaganda kuwa jiwe, jembe haliingii. Nikanunua udongo kwa mifuko, nikapanda kwenye ndoo sita zilizopasuka, nikazipanga chini ya madirisha. Maji tunabeba kwa bidoni na tunayalipia, sasa nani akubali yamwagike? Nikaweka sahani chini ya kila ndoo. Wiki tatu baadaye usiku haulaliki. Mama mkwe ndiye aliyeinama akachungulia: "Mwanangu, kumbe unafuga." Viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinajipinda ndani ya sahani zote sita.

Hilo ni langu la uzembe. Lakini hata bila sahani, mmea uliosimama tu haufanyi kitu cha maana. Mafuta yenye harufu yamo ndani ya jani, hayatoki sawasawa mpaka lipondwe au lipate moto. Tena mchaichai wetu wa chai sio ule unaokamuliwa mafuta ya kufukuza mbu. Ni ndugu, majani yanafanana, na huku yote tunaita sitroneli, basi watu wanachanganya.

Kinachonisaidia ni hiki: jioni tukimaliza kupika nje, natupa kivumbasi kibichi juu ya makaa yaliyobaki kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Moshi ukiwepo tunakula kwa amani. Ukiisha, wanarudi. Mbabula usiiingize ndani hata siku moja, kifua cha mtoto hakiwezi moshi, na makaa kwenye chumba kilichofungwa yanaua watu wakiwa usingizini.

Kupaka nako nilijaribu. Nilizamisha mchaichai uliopondwa kwenye mafuta ya kupikia siku nne, nikajipaka mikono. Harufu haikufika mbali, na shemeji yangu akatokwa vipele. Mtoto wako usimpake kabisa. Wapo watakaokwambia mkaratusi. Unaosifiwa ni ule unaonuka limau, na dawa inayotengenezwa kutokana nao haipakwi watoto wa chini ya miaka 3. Hii tunayopasua mbao inanuka dawa ya mafua tu.

Ua ninaloliheshimu ni pareto, lile jeupe linalolimwa huko juu Masisi na Rutshuru. Lenyewe linaua mdudu kweli. Dawa zinazotiwa kwenye chandarua, mustikeri tunavyosema huku, zilitengenezwa kwa kuiga sumu ya ua hilo. Kwa hiyo ukitaka mmea wa kumlinda mtoto, mjukuu wa pareto ni hicho chandarua chenye dawa, kifunge juu ya kitanda. Mbu wa malaria anauma hasa usiku, wakati kivumbasi chako kimeshakuwa majivu.

Nyumba ikiwa ya mbao kama yetu, ziba nyufa kwa vitambaa, na chandarua kichomeke chini ya godoro pande zote. Sahani nilizitupa. Mapipa ya maji nayafunika, nayasugua kila wiki. Mtoto akipata joto la homa, usimpikie majani, mpeleke akapimwe siku hiyohiyo.

Kivumbasi usinunue sokoni. Kwangu kimejaa, njoo uchukue miche, ila ndoo zako zitoboe chini.